Matokeo yasiyotarajiwa katika chaguzi za India

Matokeo yasiyotarajiwa katika chaguzi za India ni matokeo ya kura yaliyokwenda kinyume na matazamio ya vyama tawala, vyombo vya habari na watafiti wa kura za maoni nchini humo. Yametokea mara nyingi tangu uchaguzi mkuu wa kwanza wa 1951–1952, katika ngazi ya taifa na ya majimbo.

Yanayojulikana zaidi ni matatu. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliangushwa baada ya kutawala kwa hali ya hatari kwa miezi 21. Mwaka 2004 serikali ya Atal Bihari Vajpayee ilishindwa ilhali ilitazamiwa kushinda. Mwaka 2024 chama cha Narendra Modi kilipoteza wingi wake wa viti, ingawa kilibaki serikalini kwa msaada wa vyama vingine.

Matokeo ya namna hii mara nyingi huelezwa kuwa ni hasira ya wananchi dhidi ya watawala. Maelezo hayo ni kweli kwa sehemu tu. Katika chaguzi kadhaa kura za chama tawala zilipungua kidogo sana, lakini viti vyake vilipungua mno. Kwa hiyo ili kuelewa matokeo hayo ni lazima kutazama mambo mawili kwa pamoja: wapigakura wenyewe, na mfumo unaogeuza kura zao kuwa viti.

Mfumo wa uchaguzi

India ni shirikisho lenye majimbo 28 na maeneo 8 yaliyo chini ya serikali kuu. Katika makala hii neno "jimbo" linamaanisha sehemu ya shirikisho yenye serikali yake, kama Kerala au Gujarat. Sehemu inayochagua mbunge mmoja inaitwa "eneo bunge".

Nyumba ya chini ya bunge la taifa huitwa Lok Sabha. Ina wabunge 543 wa kuchaguliwa, na chama au muungano unahitaji viti 272 ili kuwa na wingi. Serikali ya jimbo huongozwa na waziri kiongozi, anayetegemea wingi wa viti katika bunge la jimbo.

Katika kila eneo bunge mgombea mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, hata asipofikisha nusu ya kura. Mfumo huu ulirithiwa kutoka Uingereza, na ndio unaotumika pia kuchagua wabunge katika maeneo ya uchaguzi ya Kenya, Tanzania na Uganda. Nchini India, ambako vyama ni vingi, una matokeo matatu muhimu:

- Chama kinaweza kupata wingi wa viti kwa kura chache. Mwaka 2014 Bharatiya Janata Party (BJP) ilipata viti 282 kwa asilimia 31 tu ya kura.
- Chama chenye kura nyingi zilizotawanyika kinaweza kukosa viti kabisa. Mwaka huohuo Bahujan Samaj Party, chenye wafuasi wengi miongoni mwa Wadalit, kilipata zaidi ya asilimia 4 ya kura za taifa lote na kuwa cha tatu kwa kura, lakini hakikupata hata kiti kimoja.
- Upinzani ukigawanyika, chama tawala hufaidika. Ukiungana, chama tawala kinaweza kuanguka hata kama wafuasi wake hawakukihama.

Uchaguzi husimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya India, iliyoundwa tarehe 25 Januari 1950. Kila mtu mzima alipewa haki ya kupiga kura tangu mwanzo, bila sharti la elimu wala mali, wakati ambapo Wahindi wengi walikuwa hawajui kusoma. Kwa sababu hiyo kila chama hutambulishwa kwa alama yake, kwa mfano mkono wa chama cha Congress na ua la yungiyungi la BJP. Umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka miaka 21 hadi 18 mnamo 1989. Mwaka 2024 waliojiandikisha walikuwa takriban milioni 968, na waliopiga kura walikuwa takriban milioni 642.

Kupungua kwa nguvu za Congress

Chama cha Congress, kilichoongoza harakati za uhuru, kilitawala serikali kuu bila kukatizwa kuanzia 1947 hadi 1977. Dalili za kwanza kwamba kinaweza kushindwa zilionekana majimboni. Mwaka 1957 wapigakura wa Kerala walichagua serikali ya Kikomunisti chini ya E. M. S. Namboodiripad.

Mwaka 1967 Congress ilipata viti 283 kati ya 520 vya Lok Sabha, lakini ilipoteza majimbo kadhaa. Katika jimbo la Madras (sasa Tamil Nadu) ilishindwa na chama cha DMK cha C. N. Annadurai. K. Kamaraj, kiongozi wa taifa wa Congress na waziri kiongozi wa zamani wa jimbo hilo, alishindwa katika mji wake na kijana aliyetoka katika harakati za wanafunzi. Tangu mwaka huo Congress haijawahi kurudi kuongoza serikali ya Tamil Nadu.

Uchaguzi wa 1977

Mwaka 1971 Indira Gandhi alipata ushindi mkubwa wa viti 352 kwa ahadi ya kuondoa umaskini. Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilibatilisha ubunge wake kwa makosa ya kampeni. Wakati huo maandamano dhidi ya serikali, yaliyoongozwa na Jayaprakash Narayan, yalikuwa yameenea. Tarehe 25 Juni hali ya hatari ilitangazwa. Viongozi wa upinzani walikamatwa, magazeti yakawekwa chini ya ukaguzi, na watu zaidi ya 100,000 wakafungwa bila kesi.

Katika kipindi hicho mwana wa Waziri Mkuu, Sanjay Gandhi, alisukuma mpango wa kupunguza uzazi. Katika mwaka wa 1976/77 watu zaidi ya milioni 8, wengi wao wanaume, walifanyiwa upasuaji wa kufunga uzazi. Maofisa walipangiwa idadi ya kufikisha, na katika sehemu nyingi za kaskazini watu walilazimishwa au kutishiwa kunyimwa huduma za serikali. Nyumba za maskini zilibomolewa pia katika baadhi ya miji, ukiwemo Delhi.

Tarehe 18 Januari 1977 Indira Gandhi alitangaza uchaguzi ghafla na kuwaachia viongozi wengi waliokuwa kizuizini. Upinzani ulikuwa na takriban miezi miwili tu ya kujiandaa. Vyama vinne vikubwa vya upinzani, vyenye itikadi tofauti kabisa, viliungana chini ya jina la Janata Party na kutumia alama moja. Mwezi Februari waziri mwandamizi Jagjivan Ram, kiongozi mashuhuri wa Wadalit, alijiuzulu kutoka serikalini na kujiunga na upinzani.

Kura zilipigwa kuanzia tarehe 16 hadi 20 Machi. Janata ilipata viti 295 na Congress 154. Katika jimbo la Uttar Pradesh lenye viti 85, na Bihar lenye viti 54, Congress haikupata hata kiti kimoja. Indira Gandhi mwenyewe alishindwa Rae Bareli na Raj Narain, mtu yuleyule aliyekuwa amemshtaki mahakamani. Sanjay alishindwa Amethi. Kusini mwa nchi, ambako ukali wa hali ya hatari haukuhisiwa sana, hali ilikuwa kinyume: Congress ilishinda viti 41 kati ya 42 vya Andhra Pradesh na 26 kati ya 28 vya Karnataka.

Tarehe 24 Machi 1977 Morarji Desai aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza asiyetoka Congress.

Kurudi kwa Indira Gandhi, 1980

Muungano wa Janata haukudumu. Viongozi wake waligombea madaraka wao kwa wao, na serikali ya Desai ikaanguka Julai 1979. Charan Singh aliyemfuata alijiuzulu Agosti kabla ya kulikabili bunge. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, na bei ya vitunguu ikawa mada kuu ya kampeni.

Mnamo Januari 1980, chini ya miaka mitatu baada ya kuangushwa, Indira Gandhi alirudi madarakani kwa viti 353. Wapigakura walewale wa kaskazini waliomkataa kwa sababu ya ukali wa utawala wake waliwaadhibu waliomfuata kwa kushindwa kutawala.

Hali kama hiyo ilijirudia baada ya kuuawa kwake tarehe 31 Oktoba 1984. Mwanawe Rajiv Gandhi aliongoza Congress kupata viti zaidi ya 400, idadi ambayo haijafikiwa tena na chama chochote. Miaka mitano baadaye, kufuatia kashfa ya ununuzi wa mizinga kutoka kampuni ya Bofors ya Uswidi, Congress ilishuka hadi viti 197 na kutoka serikalini.

Uchaguzi wa 2004

Mwanzoni mwa 2004 uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi, na BJP ilikuwa imetoka kushinda majimbo ya Rajasthan, Madhya Pradesh na Chhattisgarh mnamo Desemba 2003. Serikali ya Vajpayee iliitisha uchaguzi miezi kadhaa kabla ya wakati wake. Kampeni yake ilitangaza kwamba India inang'aa. Kura za maoni zilionyesha kwamba muungano wake ungeongoza.

Kura zilipohesabiwa tarehe 13 Mei 2004, Congress ilipata viti 145 na BJP 138. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini washirika wa Congress walikuwa wamefanya vizuri zaidi kuliko washirika wa BJP. Mfano mkubwa ni Tamil Nadu. Chama cha DMK kiliuacha muungano wa Vajpayee kabla ya uchaguzi na kujiunga na Congress. Muungano huo mpya ulishinda viti vyote 39 vya jimbo hilo, na mshirika mpya wa BJP huko, AIADMK, hakupata chochote.

Huko Andhra Pradesh, waziri kiongozi Chandrababu Naidu alikuwa amesifiwa kimataifa kwa kuufanya mji wa Hyderabad kuwa kituo cha teknolojia ya kompyuta. Vijijini, ukame na madeni vilikuwa vimewaelemea wakulima, na wengi walijiua. Mpinzani wake, Y. S. Rajasekhara Reddy wa Congress, alikuwa ametembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 vijijini mnamo 2003, akiahidi umeme wa bure kwa wakulima. Chama cha Naidu kilibaki na viti 47 kati ya 294 vya bunge la jimbo.

Sonia Gandhi, kiongozi wa Congress, alikataa uwaziri mkuu, na Manmohan Singh akaapishwa tarehe 22 Mei. Mwaka 2005 serikali yake ilipitisha sheria ya kuihakikishia kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi ya malipo kwa mwaka. Mwaka 2009, tofauti na watu wengi walivyodhani, Congress iliongeza viti vyake hadi 206.

Matokeo ya kushangaza majimboni

Bengali Magharibi, 2011. Muungano wa vyama vya kushoto ulitawala jimbo hili tangu 1977 bila kukatizwa. Mwaka 2006 ulishinda viti 235 kati ya 294. Baada ya hapo serikali ilichukua mashamba ya wakulima kule Singur kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Tata, na mnamo Machi 2007 polisi waliwaua watu 14 waliopinga mpango kama huo kule Nandigram. Chama kilichokuwa kimejenga nguvu zake kwa kuwagawia wakulima ardhi kilionekana sasa kuwanyang'anya. Mwaka 2011 muungano huo ulibaki na viti 62, na Mamata Banerjee akawa waziri kiongozi. Alishinda tena 2021, ingawa yeye mwenyewe alishindwa katika eneo bunge la Nandigram.

Delhi, 2013–2025. Eneo la mji mkuu lina bunge lenye viti 70. Mwaka 2013 BJP ilipata takriban asilimia 33 ya kura na viti 31. Mwaka 2015 ilipata takriban asilimia 32, lakini viti 3 tu. Wafuasi wake hawakuwa wameihama. Waliokuwa wakiipigia Congress ndio waliohamia chama kipya cha Aam Aadmi cha Arvind Kejriwal, kikapata viti 67. Mwaka 2025 mambo yaligeuka: BJP ilipata viti 48 na Aam Aadmi 22, ingawa tofauti ya kura zao ilikuwa asilimia 2 hivi. Kejriwal mwenyewe alipoteza kiti chake.

Haryana na Maharashtra, 2024. Mnamo Oktoba 2024 Congress ilitabiriwa kushinda Haryana. BJP ilipata viti 48 na Congress 37, huku tofauti ya kura ikiwa chini ya asilimia 1. Mwezi uliofuata muungano unaoongozwa na BJP ulishinda Maharashtra kwa kishindo, miezi michache tu baada ya kufanya vibaya jimboni humo katika uchaguzi wa Lok Sabha. Katikati ya chaguzi hizo mbili serikali ya jimbo ilikuwa imeanza kuwalipa wanawake wa kipato cha chini rupia 1,500 kila mwezi.

Uchaguzi wa 2024

BJP iliingia katika uchaguzi wa 2024 ikiwa na viti 303 vya 2019, na ikatangaza kwamba muungano wake ungevuka viti 400. Tarehe 1 Juni, siku ya mwisho ya kupiga kura, karibu makadirio yote yalionyesha ushindi mkubwa, na bei za hisa zikapanda. Tarehe 4 Juni, matokeo yalipotoka, zilishuka kwa karibu asilimia 6.

BJP ilipata viti 240, Congress 99. Kura za BJP zilikuwa zimeshuka kutoka asilimia 37.4 hadi 36.6, yaani chini ya asilimia 1, lakini ilipoteza viti 63. Hasara kubwa ilikuwa Uttar Pradesh, ambako viti vyake vilishuka kutoka 62 hadi 33. Vyama vya Samajwadi na Congress viliungana jimboni humo na kuwaonya Wadalit na watu wa kasta za chini kwamba BJP ikipata viti 400 ingeweza kubadilisha Katiba na kugusa nafasi walizotengewa katika kazi na elimu. BJP ilikanusha madai hayo.

Eneo bunge la Faizabad, lenye mji wa Ayodhya, lilichukuliwa na Awadhesh Prasad wa Samajwadi, ambaye ni Mdalit. Modi alikuwa amezindua hekalu kubwa la Rama mjini humo tarehe 22 Januari mwaka uleule.

Muungano wa BJP ulipata jumla ya viti 293, na Modi akaapishwa kwa muhula wa tatu tarehe 9 Juni. Tofauti na mihula miwili iliyotangulia, serikali yake ilitegemea vyama vingine, hasa Telugu Desam cha Naidu chenye viti 16, na Janata Dal (United) cha Nitish Kumar chenye viti 12.

Sababu

Watafiti wa siasa za India hutaja sababu kadhaa zinazokutana.

Kwanza ni maskini kujitokeza kupiga kura. Katika nchi nyingi tajiri, wenye kipato kikubwa na elimu hupiga kura zaidi. Nchini India tofauti hiyo haipo, na mara nyingi watu wa vijijini hujitokeza kuliko wakazi wa miji mikubwa. Tangu 2019 wanawake nao wamepiga kura kwa kiwango sawa na wanaume au kuwapita kidogo. Kwa hiyo habari zinazotawala magazeti ya mijini huenda zisiwe ndizo zinazoamua matokeo.

Pili ni gharama za maisha. Bei ya vitunguu, ambavyo huliwa na matajiri na maskini, imehusishwa na kushindwa kwa watawala mwaka 1980 na pia katika uchaguzi wa Delhi wa 1998, ambapo BJP iliangushwa.

Tatu ni miungano. Kuhama kwa mshirika mmoja mwenye nguvu katika jimbo kubwa kunaweza kubadilisha serikali kuu.

Nne ni kuchoshwa na walio madarakani. Huko Rajasthan kila uchaguzi wa jimbo tangu 1998 umeiondoa serikali iliyopo. Lakini jambo hili si kanuni. BJP imetawala Gujarat mfululizo tangu 1998, Naveen Patnaik aliongoza Odisha kwa miaka 24 hadi aliposhindwa 2024, na mwaka 2021 Kerala ilirudisha serikali iliyopo madarakani kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 40.

Ugumu wa kutabiri

Makadirio yanayotokana na kuwahoji watu wanaotoka vituoni yalikosea 2004, 2009 na 2024. Sheria inakataza kuyatangaza kabla upigaji kura haujakwisha kila mahali, kwa kuwa zoezi hilo hufanyika kwa awamu na huweza kuchukua wiki kadhaa.

Ugumu mmoja ni wa hesabu: hata anayekadiria vizuri asilimia za kura anaweza kukosea sana idadi ya viti. Mwingine ni wa kijamii. Mtu maskini, au wa kasta ya chini, anaweza kuogopa kumwambia mgeni ukweli ikiwa wenye nguvu kijijini kwake ni wafuasi wa chama tawala. Mwaka 1977 hofu hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa rasmi kura zilipokuwa zikipigwa.

Umuhimu

Serikali kuu zilizoshindwa nchini India zimeachia madaraka. Indira Gandhi alijiuzulu mara baada ya matokeo ya 1977, na Vajpayee alijiuzulu siku ileile matokeo ya 2004 yalipotoka. Mwaka 1978 bunge lilirekebisha Katiba ili hali ya hatari isitangazwe tena kwa kisingizio cha vurugu za ndani, bali kwa vita, uvamizi au uasi wa silaha tu.

Mabishano kuhusu haki ya chaguzi hata hivyo yanaendelea. Upinzani umelalamikia mashine za kielektroniki za kupigia kura, lakini mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la kurudia karatasi. Februari mwaka huohuo mahakama hiyo ilikuwa imefuta utaratibu uliowaruhusu wafadhili kuvichangia vyama bila kutajwa, ikisema kwamba mpigakura ana haki ya kujua nani anavifadhili vyama vinavyomwomba kura.